Vidole vya Dada Birika

Benchi letu lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali. Limeegemea ukuta wa fundi viatu. Wa kudumu hapa ni Zege, mwashi kwa mwaka wa ishirini sasa. Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, kizimbani. Na mimi, Digrii, mwaka wa nne huu naandika barua za kuomba kazi. Asubuhi hiyo muuza kahawa wetu alitoa fomu ya chuo cha uuguzi. Mwisho wa kupokelewa: leo, saa sita mchana. Swali la kumi na moja: umewahi kutiwa hatiani? Mtaa mzima unajua. Miaka tisa iliyopita mlinzi wa zahanati alikataa kumfungulia geti jirani wa dada huyu, mwenye uchungu wa kuzaa, na dada akampasua mlinzi paji la uso kwa birika tupu. Akahukumiwa kufagia uwanja wa mahakama miezi mitatu. Tangu hapo ni Dada Birika.

— Andika Hapana. Finish, alisema Wakili.

— Na alama za vidole, mheshimiwa? nikamuuliza. Wanazitaka kutoka polisi. System ina kinyongo kuliko mama mkwe wako.

— Vidole hubadilika kila miaka saba. Kama ngozi ya nyoka.

— Umesoma wapi? Kwenye karatasi ya kufungia karanga?

Zege akakunjua viganja vyake taratibu.

— Mimi sina.

— Huna nini?

— Alama. Saruji imezila. Pale polisi mashine iliwaka nyekundu mara nne, wakamwita mkubwa wao. Mkubwa akanitazama kama mzimu.

Tukavishika vidole vile kwa zamu. Laini kama sahani. Nilisisimka, wallahi: nusu ya nyumba za mtaa huu kajenga yeye, na mashine inasema hayupo.

— Basi dada akoroge zege! Wakili akaruka.

— Mimi ilinichukua miaka ishirini, we bwege. Yeye ana mpaka saa sita.

— Basi mwazime vidole vyako!

Dada Birika aliendelea kumimina kahawa.

— Kaka zangu, nimeshaandika. Ndiyo. Kwa wino.

Mimi, niliyejaza kwenye CV "uzoefu wa uongozi" kwa kuwa monita darasa la tano, nilikosa pa kutazama. Chini ya Ndiyo yake, palipoandikwa Eleza, palikuwa peupe.

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa akisubiri kiatu chake huku fundi akimsimulia kisa cha birika, akageuka.

— Samahani. Huyo mwenye uchungu, alijifungua?

Miaka tisa tunaigiza lile pigo la birika, hakuna aliyewahi kufika kwenye kisa cha mtoto.

— Pale pale getini, Dada Birika akasema. Nilimpokea mimi. Mlinzi, damu inamtiririka, akavua koti tukamfunika mtoto. Sikujua kitovu kinakatwa wapi. Nikabaki nimekishika tu, mpaka muuguzi akaja. Ndiyo maana nataka kusoma.

Wakili alivua kofia.

Nikamnyooshea dada kalamu yangu.

— Andika hivyo hivyo.

— Wametoa mistari miwili tu, Digrii.

— Geuza nyuma.