Bi. Batuli, Mwenye Ufunguo wa Midomo Yetu

Niling'ang'ania pale kwenye chai ya ofisini kwamba wasifu huu wa jarida letu niuandike mimi, si Wakili Liberatus, ingawa yeye ana shahada na mimi nina cheti cha kidato cha nne na pete mpya. Liberatus angeandika vifungu. Mimi nitaandika upendo. Basi na ijulikane: Bi. Batuli Jaha, mshauri wetu wa sheria za uhamiaji, anastaafu tarehe sita Juni, siku anayotimiza miaka sitini, baada ya kukitumikia kituo chetu miaka ishirini na minne, Mbeya na Iringa, jua na baridi. Hasa baridi.

Kwa watumishi wapya ambao bado mnadhani yule mama wa masweta mawili juu ya baibui ni mgeni aliyekuja kuota moto, nieleze kidogo. Kituo chetu huwatetea mahakamani watu wasioweza kumlipa wakili. Baadhi yao wametoka ng'ambo ya mpaka, au majirani zao wanasema wametoka. Kwa watu hao kosa dogo lina mkia mrefu. Unakiri kuiba kuku, unatumikia adhabu, unamshukuru Mungu yamekwisha, kumbe nje kuna gari linakungoja likupeleke mpakani. Kazi ya Bi. Batuli ilikuwa kuuona huo mkia wakati kuku bado anatembea.

Alianza kwetu kama mkalimani. Baba yake aliuza vitenge Tunduma, na yeye alijifunza lugha za watu kwa kusikiliza wateja wakiomba kupunguziwa bei. Mpaka leo Kibemba chake ni kizuri sana katika mambo ya mashtaka na vitambaa, ila mengine anabahatisha. Kituo kikampeleka kusoma sheria, akarudi na stashahada, akapewa meza karibu na dirisha, akaihamisha siku hiyohiyo kwa ajili ya upepo. Tangu hapo hakuna wakili aliyesimama na mteja wa namna hiyo bila kupita kwanza mezani kwake, na hakuna aliyepita mezani kwake bila kunyweshwa chai ya tangawizi kutoka chupa yake nyekundu. Chai ile ni kali. Wateja walitoka wakifuta machozi, na waliokuwa kwenye benchi wakanong'onezana kwamba ndani kuna ushauri mzito.

Ushauri wenyewe ulikuwa mmoja, na aliusema akimshika mtu kidevu: "Mwanangu, mdomo wako ni mlango, ufunguo ninao mimi. Ukisomewa jambo na kuulizwa ni kweli ama si kweli, omba kwanza uzungumze na mshauri wako." Watu walimtii kupita kiasi. Kinyozi mmoja Mkongo kule Makongolosi alikamatwa kwa ugomvi wa mashine ya kunyolea, akanyamaza kabisa, hata alipoulizwa anataka maharage au dagaa. Askari wa zamu akapiga simu kwetu, mimi ndiye niliyepokea, akabembeleza: "Dada, mwambie huyo mama aje amfungue mtu wake, chakula kinapoa." Bi. Batuli akachukua simu, akatafakari, akajibu: "Mpe maharage. Dagaa asikiri."

Ugonjwa huo uliingia mpaka ofisini. Wakili Liberatus, akiulizwa na mkewe kama amekula huko alikotoka, huomba shauri liahirishwe.

Sasa niruhusuni nifike Mafinga, maana ndiko moyo wangu ulikoanzia. Kila mwezi Bi. Batuli alipanda basi kwenda kuhudumia tawi la Iringa, chupa nyekundu mapajani, na alipitia Mafinga kuwasikiliza vibarua wa viwanda vya mbao. Huko ndiko nyumbani kwetu, na ndiko alikokuwa fundi seremala mmoja aitwaye Lusekelo, mchumba wangu wakati huo, mume wangu sasa. Mume wangu! Naandika tena: mume wangu. Ana vumbi la msonobari kwenye nyusi na tabasamu la kuangusha magogo.

Lusekelo alizaliwa Kyela, wazazi wote Wanyakyusa wa upande huu. Mama yake alipofariki, alilelewa na ndugu zake Karonga, ng'ambo ya mto Songwe ulio mpaka wa nchi, akarudi mtu mzima na Kiswahili chenye mwendo wa kule. Hakuna aliyejali mpaka mteja mmoja alipoagiza kitanda kikubwa kuliko mlango wake. Kitanda kikagoma kuingia, mteja akagoma kuelewa, maneno yakawa mengi, kesho yake mtu akapeleka habari kwamba fundi si raia. Lusekelo akashtakiwa kwa kuwapo nchini bila kibali. Tangazo letu la kwanza la ndoa lilikuwa limeshasomwa kanisani.

Mahabusu wenzake wakamshauri aseme "ni kweli" ili yaishe, alipe faini, awahi harusi. Naye akakubali, maskini, kwa mapenzi! Hakujua kwamba kwa maneno hayo mawili angevushwa mto, na mimi ningebaki na gauni. Nililia juu ya daftari la wageni pale mapokezi. Bi. Batuli akanimiminia chai, nikalia zaidi, akasema: "Kama hajafungua mdomo bado, mume unaye." Akapanda basi la alfajiri. Alimfikia mlangoni mwa mahakama, akamshika kidevu, mnajua aliyosema. Lusekelo akakana, akapata dhamana.

Kisha Bi. Batuli akateremka Kyela kutafuta watu waliomwona mtoto huyo akizaliwa. Aliomba mashahidi wawili. Ukoo ukaja karibu wote, na mikungu ya ndizi, wakajaa mahakamani. Shangazi yake, Bi. Tumpe, aliyekuwepo siku ya kuzaliwa kwake, alieleza yote vizuri, nani alimpokea, nani alimpa jina. Hatimaye akamwomba mheshimiwa hakimu alitazame sikio la kushoto la mshtakiwa: bata alilinyofoa kidogo mtoto akiwa anajifunza kutembea. Ukoo mzima ukaitika nyuma, "Bata!" Wakabishana kama bata alikuwa mweupe au wa madoa, wakaonywa wanyamaze, lakini kuhusu baba, mama, kijiji na sikio hawakutofautiana hata kidogo. Upande wa mashtaka ukaenda kujiridhisha Kyela, ukarudi, ukaondoa shauri. Nilimkumbatia Bi. Batuli nikavunja miwani yake. Nilinunua nyingine.

Mwezi wa nne tukafunga ndoa, Usharikani kwetu Mafinga. Bi. Batuli alikaa benchi la pili, sweta jipya la rangi ya maua yangu. Mchungaji akamsomea Lusekelo maneno yote, kwa sauti nzito, karatasi mkononi, na kumalizia kwa kumuuliza kama anakubali. Mume wangu akakaza taya. Akageuka, akatazama mabenchi, akasema wazi kabisa: "Mchungaji, naomba kwanza nizungumze na mshauri wangu."

Kanisa lilicheka mpaka kwaya ikakaa chini. Mimi sikucheka, jasho lilinitoka ndani ya shela. Mama yangu aliuliza kwa sauti kama huyu kijana ana mke Karonga. Ndipo Bi. Batuli aliposimama na masweta yake, akanyoosha kidole: "Hilo kiri, mwanangu! Kiri haraka, na rufaa usikate!" Lusekelo akashusha pumzi, akanigeukia na macho yake yale, akasema: "Ni kweli." Si jibu lililomo kitabuni, lakini Mchungaji alilipokea.

Hiyo ndiyo kazi ya Bi. Batuli. Wengine mtasema amewafundisha watu kunyamaza. Mimi nasema aliwatunzia neno lao mpaka siku ya kulitumia. Nyanda hizi zina kina mama wanaopika ugali wa waume zao jioni, na watoto wanaoitwa Batuli katika nyumba za Wakristo, kwa sababu kuna siku mtu hakujibu upesi.

Bi. Batuli, unakwenda Rujewa kwa kaka yako Selemani, kwenye mpunga na mashine yake ya kukoboa, na kwenye joto, hatimaye joto! Asante kwa chai, asante kwa kidevu cha kila mmoja wetu. Tunakuombea siku ndefu, magunia mazito, na majirani wasioagiza vitanda vikubwa. Masweta tuachie moja, tulitundike mapokezi. Na utungoje: kabla mwezi huu haujaisha tutapiga hodi kwako, mimi na fundi, tuje kukutengenezea rafu ya chupa yako nyekundu. Jana nilimuuliza kama tutakwenda kweli, asije akanitia aibu kwenye jarida. Hakugeuka kumtafuta mtu. Alijibu palepale, msumari mdomoni: "Ni kweli."