Pembe ya Mzee Valerian

Wasikilizaji wapendwa, mlioko mjini na mlioko huko juu migombani, poleni na kazi. Leo tunamkumbuka Mzee Valerian Mtui wa Kirua Vunjo. Alituacha wiki mbili zilizopita, mwaka huu wa 2003, akiwa na miaka sabini na minne. Alikuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji waliouchimba mababu kuleta maji vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba.

Zamani, kila Jumamosi alfajiri, Mzee alipuliza pembe na kila nyumba ikatoa mtu mwenye jembe. Asiyetokea alitozwa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Ilinywewa hapo hapo, na mkosaji akataniwa mpaka akome.

Mwaka 1993 wakaja wafadhili wa ng'ambo na mradi wa bomba. Mzee hakuwapinga, jamani. Ndiye aliyewapeleka kwenye chemchemi, akiwafyekea njia kwa panga. Siku ya uzinduzi aliuliza swali moja tu.

"Hiki chuma kikivunjika, kingine kitatoka wapi?"

Mtaalamu akatabasamu. "Mzee wangu, huu mradi ni endelevu."

Tukapiga makofi. Mkutano huo huo ukavunja kamati ya mfongo.

Jumamosi iliyofuata Mzee akapuliza pembe. Hakuja mtu. Hata mmoja, wasikilizaji. Mkewe, Mama Justina, anakumbuka: "Nilimwambia, Baba Doris, nani atakuja? Rudi ulale. Akanijibu, 'Nisipopuliza, watasema hawakuitwa.'"

Miaka kumi, Jumamosi kwa Jumamosi, alizibua majani na kuziba mashimo ya fuko peke yake. Alibeba kibuyu cha mbege ya wachimbaji, kama ilivyo desturi. Jioni alirudi nacho kimejaa. Upweke ule ulimuuma. Mama Justina anasema alikuwa akikiweka kibuyu mezani na kukitazama.

Mvua kubwa za mwaka 1998 zikang'oa bomba. Valvu ikaagizwa ng'ambo, ikachukua miezi mitano. Kijiji kizima kikateremka mfongoni na ndoo. Lo, alivyoshukuriwa! Basi bomba likatengenezwa, kila mtu akarudi kwenye bomba lake. Jumamosi ile pembe ililia, na kibuyu kikarudi kimejaa.

Jumamosi yake ya mwisho, wiki mbili zilizopita, Mama Justina alimkuta ameketi kwenye banio, pale maji yanapoingilia mfongo, jembe magotini. Amekwisha kukata roho.

Siku ya mazishi bomba lilikuwa kavu tangu Jumanne. Waombolezaji walikuwa wengi, ndizi zimemenywa, masufuria yanasubiri. Akina mama wakachukua ndoo, wakaenda mfongoni. Tulikula msibani kwake kwa maji yake.

Sasa niseme langu. Mimi mtangazaji wenu nimezaliwa kijiji hicho hicho. Kwetu na kwake ni kuvuka migomba tu. Kila nilipopanda nyumbani kutoka Moshi niliisikia pembe ile, nikavuta blanketi. Nina aibu, wasikilizaji.

Mama Justina, binti yako Doris na ukoo wote wa Mtui, poleni sana. Mungu ampumzishe Mzee wetu. Nasi tuliobaki tujiulize: anayekuja kutujengea hutuachia chuma, lakini nani atakitunza, na tulichokuwa nacho tumemwachia nani?

Pembe imetundikwa jikoni. Mama Justina anasema hana pumzi ya kuipuliza. Jumamosi hii haitalia. Lakini wana Kirua, hatuwezi kusema hatukuitwa.