Nyati Ambaye Hakuvuka Barabara

Ndugu mwenyekiti, madereva wenzangu, na akina mama mliokaa kule kwenye majamvi: Waislamu, asalaam aleikum, Wakristo, amani iwe kwenu, na ndugu zetu wafugaji mliotoka mbali, karibuni sana. Mmeniomba niseme mbele ya chama chetu cha kusaidiana kabla masika hayajaanza. Nimekubali. Nitasimulia jinsi nilivyomkosea mtu. Majina ya watu sitayataja. La kwangu mnalijua.

Wengi hapa Kimamba mnanijua kama fundi wa kuziba pancha. Kabla ya hapo nilikuwa dereva. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, kule upande wa Masanze, kijiji chetu kilipata lori moja kuukuu, na mwenye leseni nilikuwa mimi peke yangu. Basi nikaota mapembe. Hata wazee waliostahili shikamoo yangu walikuwa wananitangulia kunisalimu, na mimi naitikia nikiwa nimeegemeza kiwiko dirishani. Mnacheka? Chekeni. Mke wangu alikuwa akinicheka kila siku, ila mimi nilidhani ananionea fahari.

Sasa, ninyi mliojifunzia gari kwenye udongo mweusi wa Kilosa mnaijua desturi yetu. Kwenye tope unapunguza upepo wa tairi, lilale, lishike. Ukifika kwenye dimbwi huondoi mguu kwenye mafuta, maana ukiuondoa umekwama, na ukikwama utalala hapo na mbu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia, na kwenye tope ni kweli tupu. Lakini tope na lami ni vitu viwili, na hilo hakuna aliyeniambia. Au niseme vizuri: niliwahi kuambiwa, sikusikia.

Siku hiyo nilipakia mahindi ya kijiji kwenda kwenye ghala Morogoro. Njia ya Dumila ilikuwa imekatwa na mafuriko, ikabidi nizungukie Mikumi. Pembeni yangu alikaa katibu wa kijiji. Nyuma palikuwa na magunia tu. Tulilima tope tangu asubuhi, tairi zote nimezipunguza upepo, na zenyewe zilikuwa zimeshakuwa kipara. Tulipotokea kwenye lami pale Mikumi ilikuwa kama saa tisa alasiri, na mvua ilikuwa inamwaga.

Ndugu zangu, nawaambia, pampu ya mkono ilikuwa nyuma ya kiti changu. Naweza kuwaonyesha hata leo ilivyolala. Nikamwambia katibu, "Ngoja nishuke nijaze upepo."

Katibu akasema, "Kwenye mvua hii, bwana? Ghala litafungwa. Twende."

Alisema twende, lakini usukani haukuwa mikononi mwake. Ulikuwa mikononi mwangu. Nilikaa kwenye kiti kikavu, nikaona uvivu kulowana, nikakanyaga mafuta.

Hatukufika mbali. Mbele palikuwa na bonde dogo, maji yametulia juu ya lami, yanang'aa. Nikafanya kama nifanyavyo kwenye dimbwi la nyumbani, nikaongeza mwendo. Mara usukani ukawa mwepesi. Nageuza kushoto, lori haliendi kushoto. Nageuza kulia, haliendi kulia. Tairi zilikuwa zimepanda juu ya maji, hazigusi lami tena, na mzigo wote ule unateleza kama sabuni kwenye sinia. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili. Hapo ndipo nilipomaliza kuharibu. Lori likajipinda ubavu, likaondoka barabarani.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja, mkata miwa wa Ruhembe, amejifunika kanga, anasubiri usafiri wa kurudi kwake.

Sitasimulia nilichokiona niliposhuka. Mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya gari. Alikuwa hai, na alikuwa hapigi kelele. Alikuwa ananitazama.

Watu wa Mikumi walikuja wakainua lori kwa magogo. Wakati wanainua, katibu akanivuta kando. Akaniambia, "Sikiliza. Hapa ni mbugani. Sema nyati alikatiza, ukamkwepa. Mimi shahidi."

Nikasema, "Lakini hakuna nyati."

"Mvua imefuta nyayo zote. Unataka kufungwa? Lori likizuiwa, watu watakula nini? Huyu si mtu wa kwetu."

Askari alipofika, nikamweleza habari za nyati. Nikampa hadi rangi ya pembe. Ndugu zangu, uongo ukiutoa mara ya kwanza unakuuma, ya pili unakuwasha, ya tatu unaanza kumwona nyati mwenyewe. Kijijini ulifanyika mkutano, na kila mtu alikubali kwamba ni kazi ya Mungu. Tulianza mkutano ule kwa ile ahadi ya siku zile, "Binadamu wote ni ndugu zangu," kama kawaida, kisha tukakubaliana kumwacha ndugu wa Ruhembe na mguu mmoja. Hawakuwa watu wabaya. Walinipenda mimi, na walilipenda lori lao.

Mke wangu ndiye aliyekataa. Alinitengea chakula wiki nzima bila kusema neno. Siku moja akaenda kusikojulikana, akarudi jioni, akasema, "Nimetoka kumuuliza yule askari. Kama ni mnyama, yule mama hana wa kumdai. Mnyama hashitakiwi. Kama ni dereva, bima ya gari itamlipa. Wewe ulijua?"

Nikamwambia sikujua.

"Sasa unajua," akasema, akaingia ndani.

Kesho yake tukaenda hospitali kumwona, mke wangu kabeba uji. Nilijipa moyo kwamba naenda kumpa pole tu. Tulimkuta amelala, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulipaswa kuwa. Walikuwa wameukata juu ya goti. Hakunitambua, maana siku ile alinitazama katikati ya mvua na maumivu. Mke wangu akasema tu, "Tumetoka Kilosa, tumekuja kukupa pole, dada."

Akashukuru. Akanywa uji kidogo. Halafu akanitazama mimi, akaniuliza, "Kaka, nawe ulikuwepo siku ile?"

Nikasema, "Nilikuwepo."

"Huyo nyati ulimwona?"

Nikachukua bakuli la uji, nikaliweka kando.

Akaendelea, "Maana mimi sikumwona. Askari kaniambia alikuwepo, katibu mzima wa kijiji kaniambia alikuwepo. Nami nilikuwa natazama barabara. Nyati mzima anapita mbele ya macho yangu nisimwone? Nimelala hapa nawaza, labda akili yangu imeharibika. Labda lori lingenipita, ila mimi nilikuwa nimesimama pabaya. Labda ni kosa langu."

Ndugu zangu, nilitoka nje. Nilikuwa nimemchukulia mguu, na nilijua hilo. Sikujua kwamba nimemchukulia na macho yake.

Kutoka hapo sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kituo cha polisi, nikamkuta yule yule askari. Nikamwambia, "Nimekuja kubadili maelezo yangu. Nyati hakuwepo. Tairi zilikuwa kipara, hazina upepo, nami nilikimbiza gari kwenye maji."

Akaweka kalamu chini. "Unajua unachojifanyia, mzee?"

"Najua."

"Basi kaa, maji ya kunywa yale pale. Tuandike polepole."

Ule wema wake sijausahau. Mahakamani hakimu aliniuliza kama pampu ilikuwepo ndani ya gari. Nikasema ilikuwepo. Akaniuliza kwa nini sikushuka. Nikasema, "Niliogopa kulowana, mheshimiwa." Nilidhani kwa muda mrefu nina sababu kubwa zaidi ya hiyo. Sikuwa nayo.

Nilifungwa, leseni ikachukuliwa, nikalima shamba la magereza. Yule mama alilipwa na bima. Kijijini walibeba mahindi vichwani msimu mzima, maana lori lilizuiliwa, na mke wangu alitukanwa kisimani na watoto wangu walitengwa michezoni. Katibu hanisalimii hadi leo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa ndani. Sikumzika. Hilo linaniuma kuliko yote, wala sitawadanganya kwamba limepoa.

Nilipotoka nilikwenda Ruhembe. Alikuwa nje ya nyumba yake, magongo yameegemezwa ukutani, anachambua mboga. Sikuketi. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwomba radhi.

Akaweka mboga chini. Kisha akasema, "Kwa hiyo nyati hakuwepo."

"Hakuwepo, dada."

"Nilikuwa nimeona sawasawa."

"Uliona sawasawa."

Akalia, ndugu zangu. Alilia kwa sauti ambayo hakuitoa siku ile mguu wake ulipokuwa chini ya lori. Alipomaliza akajifuta kwa kanga, akaniambia, "Haya. Nenda, kaka. Usirudi hapa."

Sijarudi. Hakusema amenisamehe, nami sina haki ya kumdai neno hilo. Namshukuru nikiwa huku huku, kwa kuwa kule hanitaki. Namshukuru yule askari aliyenipa maji. Namshukuru mke wangu, yule pale nyuma anayejifanya kufunga kitambaa, aliyenusa uongo ndani ya nyumba yake akakataa kulala nao. Na ninyi mlionipa kibanda cha pancha wakati hakuna aliyetaka kunipa hata jembe, Mungu awalipe.

Funzo langu ni dogo. Ukitoka kwenye tope ukafika lami, shuka ujaze upepo, hata mvua ikikunyeshea mpaka mifupani, na kwenye maji punguza mwendo. Lakini ukishaumiza mtu, na yeyote kati yetu anaweza, basi mwambie ni wewe. Usimwache alale kitandani akimtafuta nyati.