Filamu ya Mwisho Kwenye Orodha ya Ardis

Duka la vifaa la Skurubu limefungwa mwaka wa nne sasa, lakini benchi lake halijafungwa. Liko palepale chini ya dirisha tupu, kwenye mtaa mkuu wa Vesterdal, Minnesota, hatua sita kutoka sanduku la bluu la posta, na kila asubuhi isipokuwa Jumapili wazee watatu hulikalia. Orrin Haugen ndiye Skurubu, kwa sababu aliuza skurubu miaka arobaini, na ndiye mwenye chupa ya kahawa. Wendell Prusak ni Redio, kwa sababu hulala na redio ikiwa wazi na huamka anajua mambo yote ya dunia isipokuwa yake. Wa tatu ni Delmar Tveit. Huyo wanamwita Kengele, maana amepiga kengele ya Kanisa la Kilutheri miaka thelathini na moja bila kuchelewa hata dakika moja. Hata Jumapili iliyofuata mazishi ya mkewe aliipiga. Asubuhi ya Jumanne hiyo, magari ya mahindi yakipita kwenda ghalani, Kengele alikuja na bahasha ya kijani mkono mmoja na barua mkono mwingine, na hakusalimia mtu.

– Asubuhi njema na kwako pia, alisema Skurubu.

– Someni, alisema Kengele. Someni wenyewe, maana mimi nikisoma tena nitatenda dhambi.

Redio aliipokea barua, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ya mtangazaji:

– Mpendwa Ardis. Asante kwa kutuandikia. Tumefurahi kujua kwamba unaipenda huduma yetu. Kwa kuwa umefurahia filamu za zamani za familia, tunaamini utazipenda na hizi zifuatazo…

Aliishusha barua. Skurubu aliangalia viatu vyake.

– Mpendwa Ardis, alirudia Kengele. Nimewaandikia kwa mkono wangu, kurasa mbili. Nimewaambia mke wangu alilala wiki ya tatu ya Kwaresima. Nimewaambia bahasha zao zilikuwa zinafika kwa siku mbili, sasa ni siku sita, siku saba. Nimewaambia Jumamosi hii inatimia miaka hamsini tangu tufunge ndoa. Wananijibu nini? Mpendwa Ardis! Wanamjibu marehemu!

– Hao hawana haya, alisema Skurubu. Hawana haya hata kidogo. Shika kahawa.

– Sitaki kahawa.

– Shika tu, mikono ipate kazi.

Kengele alishika kikombe. Hasira ilikuwa imemkaa kifuani tangu jana jioni, akaiombea, haikutoka. Hakuwa mtu wa hasira. Lakini mtu anapomwandikia mwenzake habari ya msiba, alifikiri, hata adui huvua kofia kwanza.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Miaka mitatu nyuma binti yao, Joyce, aliwaunganisha na kampuni inayokodisha filamu kwa posta. Unaandika orodha kwenye kompyuta; wao wanakuletea diski ya juu kwenye orodha; ukimaliza unairudisha ndani ya bahasha ileile ya kijani, nao wanatuma inayofuata. Orodha ilikuwa ya Ardis. Aliipanga kama alivyopanga mitungi ya nyanya kwenye rafu, na alipokufa ilibaki na filamu ishirini na tatu. Kengele alizichukua moja baada ya moja, kwa mpangilio uleule. Sasa aliyoishika mkononi ilikuwa ya ishirini na mbili. Baada yake ilibaki moja tu.

– Hiyo ya mwisho ndiyo ya mnara? aliuliza Redio, ingawa alijua.

– Ndiyo ya mnara.

Vesterdal nzima waliijua habari ya mnara. Kengele na Ardis, kabla hawajaoana, walikwenda sinema ya mji usiku wa tufani ya theluji. Filamu ilikuwa ya mtunza taa kwenye mnara wa pwani. Mkewe anaumwa, naye anaingia mashuani kwenye mawimbi kumfuata daktari ng'ambo. Alipofika katikati ya maji umeme ukakatika mji mzima, watu wakarudishwa nyumbani, na theluji ilipoondolewa barabarani filamu ilikuwa imeshapelekwa mji mwingine. Ardis alisema yule mtu alirudi. Delmar alisema hakurudi, mawimbi yale si ya kurudi mtu. Walibishana hivyo wakiwa wachumba, wakabishana wakilea, wakabishana hospitalini.

– Nilitaka Jumamosi niijue, alisema Kengele. Basi. Nikae kwenye kochi siku ya ndoa yetu niujue mwisho wake. Kama ingekuwa zamani, leo natuma hii, Alhamisi mnara unafika. Lakini kwa mwendo wao huu, Jumamosi itapita, na Jumapili itapita.

– Sasa tangu Pasaka si ungeisogeza juu ikaja ya kwanza? aliuliza Skurubu. Joyce alinionyesha, ni kubonyeza tu.

– Orodha si yangu, Orrin.

– Ni ya nani basi?

– Soma barua. Mpendwa nani?

Skurubu alikohoa, akajaza kikombe ambacho hakikuwa kimepungua.

– Mimi nasema ni posta, alisema. Kule Saint Paul wanakopanga barua. Mtu ana shida na mgongo, bahasha inaanguka nyuma ya meza, inakaa huko kama Nuhu tumboni mwa samaki.

– Yona, alisema Kengele.

– Nuhu naye alikaa majini, tena siku nyingi zaidi.

– Posta haina kosa, alisema Redio, akajivuta mbele kama anayetaka kutoa siri. Sikilizeni niwaambie. Hii nimeisikia saa tisa usiku, mwanamume mmoja kapiga simu redioni kutoka Duluth. Kompyuta yao inahesabu siku. Wewe ukikaa na filamu wiki mbili, wanakupenda, wewe ni mteja mzuri. Ukirudisha kesho yake, wanakuweka nyuma ya foleni. Wa polepole anapelekewa kwanza, wa haraka anasubiri.

– Unatania.

– Naapa.

– Usiape. Yaani nikiazima kitu cha mtu nikakirudisha kwa wakati, hilo ni kosa?

– Kwao ni kosa.

– Ndivyo tulivyolelewa sisi? Kengele alisimama, kahawa ikamwagika kwenye suruali. Mama yangu akiazima kikombe cha sukari alirudisha siku ileile, kimejaa! Sasa mwizi wa muda ndiye anapendwa, na mtu mwaminifu anaadhibiwa?

– Kaa chini, Kengele, watu wanatazama.

– Watazame! Ardis alikaa na diski wiki mbili. Mbili! Aliziangalia mara mbili kila moja, mara ya kwanza kwa ajili ya habari yenyewe, mara ya pili kwa ajili ya nyuso za wale wasiosema kitu. Na kwake zilikuja mbio, kama mkate wa moto.

– Umeona? alisema Redio. Ndiyo hayohayo ninayosema.

– Mimi sikubali, alisema Skurubu. Filamu ya zamani kama ile, wana diski moja tu nchi nzima. Na hiyo moja iko kwa bibi mmoja Nebraska, kaitundika kwenye mti wa cheri kufukuza ndege.

– Anayefukuza ndege kwa diski ni wewe! alisema Redio. Nimeziona kwenye miti yako ya matunda, zinameta mpaka barabarani. Ulizipata wapi?

– Zile ni za kwaya yetu. Ile rekodi ya Krismasi.

– Skurubu! Mimi niliimba sauti ya pili humo!

– Ndiyo maana ndege hawasogei.

Hata Kengele alitaka kucheka. Mdomo ulianza, ukakumbuka, ukaacha. Aliketi. Redio hakuwa amemaliza.

– Kuna kubwa zaidi. Wanajua orodha imebaki na ngapi. Wanaona pale: mzee huyu ana mbili, sasa ana moja. Ikiisha, anaondoka, hana sababu ya kubaki. Kwa hiyo wanamvuta. Wanampunja siku moja huku, siku mbili kule, ili isiishe. Iko hesabu kabisa, wana chumba kizima cha watu wamevaa makoti meupe kazi yao ni kuchelewesha wajane.

– Makoti meupe ya nini? Kwani ni hospitali?

– Ili wasichafue diski.

– Wendell, alisema Kengele taratibu, mtu anayekawiza jambo ili lisiishe, huyo ni mwovu. Namwombea, lakini ni mwovu.

Gari la posta lilisimama kando ya sanduku la bluu. Alishuka Luz Arriaga, mpeleka barua mpya, aliyekabidhiwa mtaa ule wiki tatu tu zilizopita. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kofia ya jua na funguo nyingi kiunoni. Wazee walikuwa bado hawajampa jina la kijiwe, walikuwa wanamchunguza.

– Wazee wangu, hamjambo? Mzee Tveit, naona umeniandalia.

Alinyoosha mkono kuipokea bahasha ya kijani. Kengele aliitoa, lakini Redio akaidaka njiani.

– Binti, wewe ni wa posta. Tuambie ukweli. Nani anazichelewesha hizi?

– Sisi zikifika asubuhi, mchana nimeshampelekea. Luz alimtazama Kengele kidogo. Mzee, nikuulize bila kukuudhi?

– Uliza.

– Nakuletea saa nane mchana. Kesho yake asubuhi umeshaifunga. Unaziangalia saa ngapi?

Kengele aliangalia upande wa ghala la nafaka, ambako vumbi la mahindi lilikuwa linapanda.

– Naiweka, alisema. Majina ya mwanzo yanapita. Kochi lile ni refu kwa mtu mmoja, binti. Yakishapita majina, naizima, naifunga.

– Zote? aliuliza Redio. Zote ishirini na mbili?

– Nilitaka kufika kwenye mnara.

Hakuna aliyemtania. Luz alivua kofia yake, akaketi ncha ya benchi kwa mara ya kwanza, nao wakamweleza habari ya mnara, wakikatizana: theluji, umeme, mashua, miaka hamsini, Jumamosi. Luz alisikiliza mpaka mwisho.

– Kwa hiyo mama hakupata kuujua mwisho wa filamu hiyo mpaka anaondoka.

– Hakupata.

– Aliiweka kwenye orodha lini?

– Siku ya kwanza kabisa, alisema Kengele. Joyce alimuuliza, Mama, unataka tuanze na ipi? Akasema, ya mnara. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kitambaa cha vyombo. Ilikuwa namba moja.

Luz alikunja uso kama mtu anayetafuta nyumba ambayo namba yake imefutika.

– Kama ilikuwa namba moja, alisema, ilifikaje mwisho?

Skurubu alimtazama Redio. Redio, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu saa moja asubuhi, alijikuna sikio.

– Kompyuta labda… alianza, akaacha.

– Zenyewe hazishuki, alisema Skurubu kwa sauti ndogo. Joyce alinionyesha. Ni lazima mtu aisogeze.

Kengele alikumbuka Jumamosi zile za Ardis. Yeye alikuwa jikoni, anakausha sahani. Sebuleni taa ya kompyuta imewaka na Ardis amempa mgongo, miwani imeshuka puani. Sauti ya kubonyeza: tik, tik. Unafanya nini huko, mama Joyce? Nasogeza kidogo tu. Naye alidhani ni kiti. Kila Jumamosi, baada ya chakula: nasogeza kidogo tu. Halafu anakuja kuketi kochini, anapigapiga nafasi iliyo kando yake, na kabla filamu nyingine haijaanza anasema, Lakini yule wa mashua alirudi, Delmar, nawe unajua alirudi.

Skurubu aliitikisa chupa. Ilikuwa tupu. Hata hivyo aliinamisha juu ya kikombe cha Kengele, tone moja likatoka.

– Mzee, alisema Luz, ameshasimama, kofia kichwani. Nina mitaa miwili bado. Unanipa?

Redio alikuwa bado ameishika bahasha. Kengele aliichukua mkononi mwake, akaigeuza, akasoma kwa makini, kwa mara ya kwanza, jina la filamu lililoonekana kwenye kidirisha cha bahasha. Kisha akaingiza kidole chini ya gundi, akaifungua polepole, bila kuichana karatasi.

– Leo sina cha kutuma, binti.

– Na kesho?

– Kesho pia. Kama ni wiki mbili, ni wiki mbili.

Aliitia mfuko wa ndani wa koti. Ile barua ya kampuni aliikunja mara nne, akaiweka kando ya bahasha. Alikuwa ameshavuka barabara Skurubu alipompigia kelele:

– Kengele! Na yule wa mnara? Alirudi au hakurudi?

Miaka hamsini walikuwa wanamuuliza, na miaka hamsini aliwajibu vilevile, kwa ukali, kwamba mawimbi yale si ya kurudi mtu. Alisimama ukingoni mwa barabara, akangoja gari la mahindi lipite ili wamsikie vizuri.

– Ardis anasema alirudi.