Bwana Mwinshehe Kondo na Mikrismasi Kumi na Miwili ya Temeke

Tarehe 30 Juni 1954, Bwana Mwinshehe Kondo, mpogoaji mkuu wa kitalu chetu cha Kinondoni, anaweka msumeno chini baada ya miaka ishirini na tisa. Alianza 1925 kama mbeba ngazi. Mimi nilikuja baadaye kama karani, nikiijua miti kwa majina yake kwenye karatasi tu, na habari za Bwana Mwinshehe siwezi kuzisimulia bila kujiumbua.

Mwaka 1937 tulitarajia ugeni mkubwa. Bwana Mwinshehe alikuwa likizoni kwao Mbwamaji. Nikaona mikrismasi kumi na miwili ya barabara ya Temeke, aliyoipanda kwa mkono wake, imetimka vichwa ovyo. Nikaamuru ikatwe vilele vyote, iwe sawasawa kama askari kwenye gwaride. Nilijisifu wiki nzima.

Aliporudi aliizunguka yote, kisha akaniambia mbele ya vibarua: "Bwana karani, umeubomolea mti jiko, halafu unautaka upike?" Bi Somoe, mmwagiliaji wetu, alicheka mpaka akaketi chini. Kweli, majani ndiyo yanayoupikia mti chakula. Yalipokosekana, miti ilimaliza akiba yake kusukuma machipukizi marefu, membamba, yaliyovunjika kwa upepo wa kwanza. Magome yaliyozoea kivuli yaliungua kwa jua, vidonda vikaoza. Krismasi ikapita bila ua jekundu hata moja, na mkuu wa kitalu akaagiza miti yote ing'olewe.

Bwana Mwinshehe akaomba miaka mitatu. Hakunitaja. Kila mwaka alibakiza machipukizi machache yenye nguvu, mengine akayapunguza kidogo kidogo. Tawi bovu alilikata nje kidogo ya ule uvimbe wa shinani mwake, anaouita ukosi, kwani hapo ndipo gome jipya linapoanza kufunga kidonda. Lami tuliyozoea kupaka aliikataa. Alisema kidonda kinataka hewa. Miti mitatu ilikufa. Tisa ilichanua Desemba 1940, nami nikapita chini yake nikitazama viatu vyangu.

Juzi nilitia alama ya chaki kwenye tawi la kukatwa. Akaifuta kwa mkono wa shati, akaichora upya nje ya ukosi, upana wa kidole, akaenda zake kunywa kahawa.

Asante, Bwana Mwinshehe. Kapumzike kwa afya na furaha, wewe na mkeo Bi Hamisa. Alama yako ya chaki iko pale pale ulipoiweka. Nimekataza isiguswe ila kwa msumeno.

Albano Kasiani, karani wa kitalu