Malkia Analia Sana

Foleni ya kliniki ya macho Kombewa ilikuwa ndefu. Mama Celestine aliona kitabu mapajani mwa Calvince, kijana wa boda asiyemjua, akamwuliza kama kitabu cha nne cha hadithi hiyo kimetoka. “Bado, mama. Mwandishi anajikokota.” “Macho yangu hayatamngoja.” “Basi mimi nitakusomea.” “Wewe? Nimekuona ukiruka kurasa za malkia, unatafuta majoka ya moto.” “Huyo malkia analia sana, mama.” “Si alifiwa na mume?”

Mimi niliyeketi nyuma yao kwenye foleni husoma Biblia tu, na mwisho wake naujua, lakini hapo nilisogea karibu.

Muuguzi akamwita Mama Celestine. Kabla ya kuinuka, alimpa kijana namba yake ya simu. “Kikitoka, usikifungue bila mimi.” Calvince alisema atajaribu.