Aliyesimamia Kiti Kitupu

Tarehe 30 Juni, Katibu wa Bunge letu anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa karani wa kupiga chapa, anaondoka akiwa mtu pekee jengoni anayezijua kanuni zote bila kufungua kitabu. Ndiyo maana tukambandika jina la Bwana Kanuni, naye akajifanya halijui.

Wengi wanamkumbuka kwa siku moja tu, ile inayokuja baada ya kila uchaguzi mkuu. Siku hiyo wabunge ni wapya, Spika hajapatikana, na kile kiti kikubwa hakina mtu. Katibu ndiye anayeongoza. Hukigeuza kisanduku juu chini ili wote waone hakina kitu, huwaita wabunge mmoja mmoja wapige kura ya siri, huhesabu, kisha humtangaza mshindi. Spika akishaketi, Katibu hurudi kwenye meza yake ya chini na watu humsahau. Ameifanya kazi hiyo mara nne. Mara ya kwanza alivaa joho nje ndani, na wabunge wageni wakadhani ndiyo desturi.

Kazi hii haitaki urafiki. Ili asije akaambiwa ni mtu wa fulani, alikula chakula cha mchana peke yake ofisini, mlango wazi, redio chini chini. Kwenye harusi za wabunge hakukanyaga. Aliyebaki karibu naye ni mmoja tu: shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye naye alikuwa mbunge. Kila Jumapili walikula pamoja na kubishana habari za mpira.

Miaka kumi iliyopita, shemeji huyo akagombea uspika. Katibu aliandika barua kuomba asisimamie, akajibiwa kwamba hakuna mwingine anayeijua kazi. Wakati wa kuhesabu ikatokea kura moja yenye alama sawasawa mbele ya jina la shemeji, na chini yake mbunge fulani, kwa furaha zake, alikuwa ameandika: “Hongera mzee wetu.” Kanuni inasema karatasi yenye maandishi imeharibika. Ikawekwa kando. Wagombea wakalingana, kura zikarudiwa baada ya chai, na chai ile iligeuza mawazo ya watu. Shemeji akashindwa kwa kura tisa.

Alimngoja Katibu koridoni.

“Shemeji, nani aliiona ile karatasi?”

“Mimi,” Katibu akasema. “Jumapili unakuja?”

Hakuja Jumapili ile wala nyingine yoyote. Mke wa Katibu alipofariki miaka mitatu baadaye, wawili hao walisimama kaburini kama watu wasiojuana. Tangu hapo nyumba ile ina mtu mmoja. Sisi wenzake tulishajiaminisha kwamba hapendi watu, basi hatukwenda kumjulia hali. Naona aibu kuandika hivyo.

Sasa niseme langu. Siku ile mimi nilikuwa karani mdogo, nikimsaidia kufungua karatasi. Katibu aliitazama kura ile upesi, akaona alama, akaiweka kwenye fungu la shemeji yake. Mimi ndiye niliyeona maandishi nikamgusa mkono. Na pale koridoni nilikuwa nyuma yake, nimekumbatia kisanduku, nikasikia alivyojibu. Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka kumi, huku nikipandishwa cheo mara mbili kwa barua alizoziandika yeye.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa shemeji yake nikamweleza. Akasema hakuumia kwa kushindwa; kilichomuuma ni kudhani kwamba mtu wa nyumbani ndiye aliyemtafutia kosa. Hakuahidi kuja kwenye sherehe. Ila aliniomba namba ya simu ya Katibu, akaiandika mwenyewe, taratibu, akanisomea tena kuhakikisha.

Katibu, ahsante kwa miaka yote hiyo, na kwa siku ile uliyobeba lawama isiyo yako. Unisamehe. Tunakuombea afya njema na siku nyingi zenye watu ndani yake. Na simu ikiita, tafadhali pokea.